Jerry Lawson

Gerald Anderson Lawson (anajulikana zaidi kama Jerry Lawson, Brooklyn, New York, 1 Desemba 1940 – Mountain View, California, 9 Aprili 2011) alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza kikundi kilichounda Fairchild Channel F, mashine ya kwanza ya michezo ya video ya nyumbani iliyotumia kaseti za kuchomeka na kuchomoa, kila moja ikiwa na programu ya mchezo wake ndani. Mashine hiyo iliingia sokoni mwezi Novemba 1976.

Lawson alikuwa mmoja wa wahandisi wachache sana Weusi katika kampuni za elektroniki za California wakati huo. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Ujuzi wake aliuanza nyumbani, kwa kuunda mitambo ya redio na kutengeneza televisheni za watu zilizoharibika. Kwa miaka mingi jina lake halikujulikana nje ya watu aliofanya nao kazi, na alipokuja kutambuliwa rasmi na wanataaluma wenzake alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu wa kuishi.

Familia na utoto

Lawson alizaliwa Brooklyn na kukulia Queens, sehemu nyingine ya Jiji la New York, katika nyumba za umma zilizojengwa kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo. Baba yake, Blanton, alikuwa mfanyakazi wa bandarini aliyependa kusoma habari za sayansi. Mama yake, Mannings, alifanya kazi katika utawala wa jiji. Babu yake alikuwa amesomea fizikia, lakini kutokana na ubaguzi wa rangi wa siku zile hakupata nafasi ya kuifanyia kazi taaluma hiyo, akaishia kufanya kazi ya posta.

Mama yake alifuatilia sana elimu ya mwanawe. Alichunguza shule moja baada ya nyingine kabla ya kumwandikisha mtoto, na katika shule ambayo karibu wanafunzi wote walikuwa Wazungu alifika hadi kuwa mwenyekiti wa chama cha wazazi na walimu. Katika darasa la kwanza, mwalimu wa Lawson alitundika karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi Mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani. Lawson alipokuwa mtu mzima aliitaja picha ile kuwa ndiyo iliyomfanya aamini kwamba naye angeweza kuwa mwanasayansi.

Nyumbani alipewa uhuru wa kujaribu kemia na elektroniki. Akiwa na umri wa miaka 13 alipata leseni ya redio ya ridhaa, yaani leseni ya mtu binafsi ya kurusha na kupokea mawasiliano ya redio kama burudani na mafunzo. Alijenga kituo chake mwenyewe chumbani mwake, akinunua vipuri kidogo kidogo katika maduka ya elektroniki ya mtaani kwa fedha zake.

Fundi wa televisheni

Alipokuwa kijana, Lawson alijipatia fedha kwa kutengeneza televisheni. Katika miaka ya 1950 televisheni zilitumia valvu, vifaa vya kioo vinavyowaka moto ndani na kuchakaa upesi kuliko transista zilizofuata. Kwa sababu hiyo ziliharibika mara kwa mara, na fundi wa mtaani alikuwa mtu muhimu kwa kila familia yenye televisheni.

Kazi hiyo ilidai uangalifu mkubwa. Ndani ya televisheni ya aina ile mna volti elfu kadhaa, na baadhi ya sehemu hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi hakuweza kubahatisha. Ilimbidi aanze kwenye umeme unaoingia, afuate njia ya mawimbi kutoka antena hadi kwenye kioo, na kuuliza katika kila hatua kama kinachotakiwa kufika hapo kimefika. Njia hiyo ya kufikiri, ya kutenga sehemu nzima na sehemu mbovu mpaka tatizo libaki mahali pamoja, ndiyo aliyoingia nayo katika uhandisi.

Elimu na kazi za kwanza

Baada ya sekondari Lawson alisoma katika Queens College na City College of New York, lakini hakumaliza shahada katika chuo chochote kati ya hivyo viwili. Alifanya kazi katika kampuni za elektroniki na ndege, zikiwemo Federal Electric na Grumman Aircraft, kabla ya kuhamia California.

Mwaka 1970 alijiunga na Fairchild Semiconductor, kampuni iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara ya chipu katika eneo ambalo baadaye lilijulikana kama Bonde la Silikoni. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wateja namna ya kutumia vipuri vya Fairchild katika mitambo yao. Kwa maneno mengine, alikaa kati ya kiwanda na mtumiaji, akisikiliza shida za wateja na kuwatafutia suluhisho. Alifahamika kwa wengi kwa kazi yake kabla ya kuonana nao ana kwa ana, na wapo walioshangaa walipokutana naye na kuona kwamba ni mtu Mweusi.

Mchezo uliozaliwa gereji

Katika miaka hiyo Fairchild ilikuwa ikitengeneza mikroprosesa yake yenye jina la F8. Mikroprosesa ni chipu inayofuata maagizo ya programu, kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kufanya kazi tofauti kwa kubadilisha maagizo tu. Michezo ya video ya wakati ule haikufanya hivyo. Mchezo kama Pong, uliotolewa na Atari mwaka 1972, haukuwa na programu. Ulikuwa saketi iliyounganishwa kwa waya na chipu ndogondogo kwa ajili ya mchezo huo mmoja. Kupata mchezo mwingine kulihitaji saketi nyingine.

Lawson alitumia gereji ya nyumbani kwake kuunda mchezo wa magari yanayogongana, Demolition Derby, unaochezwa kwa kutumbukiza sarafu. Aliukamilisha mwanzoni mwa mwaka 1975 kwa kutumia F8. Ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa kuendeshwa kwa mikroprosesa, na ulijaribiwa katika mkahawa wa piza katika mji wa Campbell, California. Haukuenea, lakini wakuu wa Fairchild walipopata habari kwamba mfanyakazi wao ameunda mchezo nyumbani kwa chipu yao, walimtaka aifanye kazi hiyo kwa ajili ya kampuni.

Katika kipindi hichohicho Lawson alihudhuria Homebrew Computer Club, klabu ya watu waliokuwa wakijiundia kompyuta nyumbani. Alikuwa mmoja wa wanachama wawili tu Weusi. Humo walikuwemo Steve Jobs na Steve Wozniak, waanzilishi wa Apple. Lawson aliwahi kumfanyia Wozniak usaili wa kazi Fairchild, lakini hakumwajiri.

Channel F

Chanzo cha wazo la kaseti

Mara nyingi Lawson huitwa baba wa kaseti ya michezo ya video. Sifa hiyo inahitaji maelezo. Wazo la kuweka mchezo ndani ya kumbukumbu inayochomekwa kwenye mashine lilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, wahandisi wa kampuni ndogo ya Alpex katika jimbo la Connecticut. Walikuwa wameunda mashine ya majaribio iliyotumia mikroprosesa ya Intel 8080, na walikuwa wakitafuta kampuni kubwa ya kuinunua teknolojia yao.

Lawson alikuwa miongoni mwa waliotumwa na Fairchild kuikagua. Aliona kwamba wazo ni zuri, lakini mashine yenyewe ilikuwa ya maabara: ghali, yenye waya nyingi, na isiyoweza kukabidhiwa mtoto. Fairchild ilinunua haki ya kuitumia teknolojia hiyo, na Lawson akawekwa kuwa mkuu wa uhandisi wa kitengo kipya cha michezo ya video. Alifanya kazi na wenzake wengi, wakiwemo Nick Talesfore aliyeshughulikia umbo la mashine na Ron Smith aliyeshughulikia sehemu zinazosogea.

Kwa hiyo mchango wa Lawson si kuwa wa kwanza kufikiria kaseti. Mchango wake ni kuongoza kazi ya kuligeuza wazo la maabara kuwa kitu kinachoweza kuuzwa dukani, kupelekwa nyumbani na kushikwa na mikono ya watoto siku baada ya siku bila kuharibika.

Matatizo yaliyotatuliwa

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa Intel 8080 na kuweka F8, ambayo Fairchild iliitengeneza yenyewe. Jambo hilo lilibadilisha muundo wote wa ndani.

Hatua ngumu zaidi ilikuwa kaseti. Wakati ule chipu za kumbukumbu zilikaa ndani ya mitambo bila kuguswa. Hakuna aliyetazamia kwamba mtu asiye fundi angeziingiza na kuzitoa mara mamia. Kila uchomekaji husugua miguso ya shaba. Mkono wa mtu hubeba umeme tuli unaoweza kuua chipu kwa mguso mmoja. Mtoto anaweza kuchomoa kaseti wakati mashine imewashwa. Kikundi cha Lawson kiliifunga kumbukumbu ndani ya kasha la plastiki la rangi ya njano lililofanana na kaseti za muziki za magari za wakati huo, kikaweka kifuniko cha kukinga mlango wa kaseti, na kuunda mfumo wa kuishika kaseti ili miguso ikutane sawasawa kila mara.

Tatizo la tatu lilikuwa la kisheria. Mashine ilituma picha kwenye televisheni kupitia tundu la antena, kwa hiyo ilikuwa kama kituo kidogo cha kurusha matangazo. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilikataza vifaa vya namna hiyo kuvuruga televisheni za majirani, na masharti yake yalikuwa makali. Bodi kuu ilibidi izungushiwe alumini, na njia ya kaseti iwekewe kinga ya chuma ili kuzuia mawimbi yasivuje. Kila kaseti mpya ilihitaji kuidhinishwa.

Mashine yenyewe

Mashine iliuzwa kwa dola 169.95. Mwanzoni iliitwa Video Entertainment System, kisha Channel F. Ilikuwa na michezo miwili iliyojengwa ndani, hoki na tenisi, ambayo ilichezeka bila kaseti. Kaseti zilipewa namba, na mnunuzi aliweza kuongeza mkusanyiko wake moja baada ya nyingine.

Vishikio vya kuchezea vilikuwa vya aina mpya. Mchezaji alishika mpini wenye kichwa cha pembetatu ambacho kiliweza kusukumwa pande nane, kuzungushwa, kuvutwa juu na kubonyezwa chini. Mashine ilikuwa pia na kitufe cha kusimamisha mchezo kwa muda na kuuendeleza baadaye, jambo ambalo wachezaji wa leo wanalichukulia kuwa la kawaida.

Uwezo wake ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na wa simu ya leo. F8 ilikuwa na baiti 64 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na picha ilihifadhiwa katika kilobaiti 2. Pamoja na hayo, iliweza kumpa mchezaji mpinzani anayeendeshwa na mashine, wakati michezo mingi ya nyumbani ya kabla yake ilihitaji watu wawili.

Inafaa kutofautisha Channel F na Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, iliyobuniwa na Ralph Baer. Odyssey nayo ilikuwa na kadi za kuchomeka, lakini kadi hizo hazikuwa na kumbukumbu wala programu. Zilibadilisha tu jinsi saketi za ndani zilivyounganishwa.

Ushindani

Mnamo Septemba 1977 Atari ilitoa Video Computer System, iliyokuja kuitwa Atari 2600, nayo ikitumia kaseti. Atari ilikuwa na michezo iliyokwisha kupendwa katika kumbi za burudani na ikaendelea kuuza takriban mashine milioni 30 katika maisha ya bidhaa hiyo. Channel F haikufikia idadi ya karibu na hiyo. Fairchild ilikuwa kampuni ya chipu, na uuzaji wa burudani haukuwa biashara iliyoizoea. Mwaka 1979 haki za mashine hiyo zilichukuliwa na kampuni ya Zircon, iliyoendelea kuiuza kwa muda katika umbo jipya.

Mashine ilishindwa sokoni, lakini mpango wake wa biashara ulishinda. Kununua mashine mara moja na michezo kidogo kidogo ndiko kulikofuatwa na Atari, kisha na Nintendo na Sega. Ndiko pia kulikowezesha kuwepo kwa kampuni zinazotunga michezo bila kuunda mashine.

Videosoft

Lawson aliondoka Fairchild mwaka 1980 na kuanzisha kampuni yake, Videosoft, ya kutunga michezo kwa ajili ya Atari 2600. Ni miongoni mwa kampuni za kwanza za michezo ya video kumilikiwa na Mmarekani Mweusi. Biashara ya michezo ya video ya Marekani ilianguka mwaka 1983, na michezo mingi ambayo Videosoft ilikuwa ikiiandaa haikufika madukani. Kampuni ilifungwa baada ya takriban miaka mitano.

Bidhaa ya Videosoft iliyojulikana kutoka si mchezo. Ni Color Bar Generator, kaseti inayoonyesha kwenye kioo milia ya rangi ili mtu aweze kurekebisha rangi na mkao wa picha ya televisheni. Vifaa vya kutoa milia kama hiyo vilikuwa zana za karakana. Lawson, aliyeanza maisha kwa kutengeneza televisheni, aliiweka zana hiyo ndani ya kaseti ambayo familia yoyote yenye Atari ingeweza kuitumia.

Baada ya hapo alifanya kazi za ushauri. Alishirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder katika mpango wa saa ya kuamsha watoto kwa sauti ya mzazi, lakini haikufika hatua ya kutengenezwa kiwandani. Alishiriki pia katika mpango wa kuwalea kitaaluma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Miaka ya mwisho na kutambuliwa

Kuanzia mwaka 2003 hivi Lawson alisumbuliwa na ugonjwa wa kisukari. Alipoteza uwezo wa kutumia mguu mmoja na kuona kwa jicho moja. Aliishi Santa Clara, California, na aliendelea na shughuli za elektroniki nyumbani, ambako alikuwa na karakana iliyojaa vifaa.

Kwa karibu miaka 30 historia za michezo ya video zilitaja Channel F kwa ufupi, na mara nyingi bila jina la aliyeongoza kazi. Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya mahojiano marefu aliyofanyiwa yaliyochapishwa mwaka 2009. Mnamo Machi 2011 chama cha kimataifa cha watunzi wa michezo ya video kilimtunuku heshima ya mwanzilishi katika mkutano wa San Francisco. Alihudhuria mwenyewe. Tarehe 9 Aprili mwaka huo alifariki dunia kutokana na athari za kisukari, akiwa na umri wa miaka 70. Aliacha mke, Catherine, na watoto wawili.

Baada ya kifo chake heshima ziliongezeka. Jumba la makumbusho la The Strong huko Rochester, New York, lina maonyesho juu ya kazi yake. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wanafunzi Weusi na wa asili za wakazi wa kwanza wa Marekani wanaosomea michezo ya video. Tarehe 1 Desemba 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google iliweka katika ukurasa wake wa mwanzo mchezo wa kumkumbuka.

Kazi yake mikononi mwa mafundi wa leo

Mashine za kaseti zimekuwa vitu vya zamani vinavyotunzwa na kutengenezwa nyumbani. Channel F ni miongoni mwa zile zinazofundisha vizuri utaratibu wa kutafuta ubovu, kwa sababu muundo wake unamsaidia fundi kutenga matatizo. Kwa kuwa hoki na tenisi zimo ndani ya mashine, mashine inayocheza michezo hiyo miwili lakini ikakataa kaseti ina ubovu kwenye kaseti au kwenye tundu lake. Ikikataa vyote, ubovu umo katika umeme, bodi kuu au njia ya picha. Swali hilo moja huokoa muda mwingi wa kufungua na kufunga.

Kwenye kaseti, kasoro ya kawaida ni miguso yenye uchafu au kutu. Husafishwa kwa pamba au kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi ya isopropili, na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kuchomekwa. Tabia ya kupuliza kaseti kwa mdomo, iliyozoeleka duniani kote na hata Afrika Mashariki katika mashine zilizonakili Famicom ya Nintendo, haifai. Mara nyingi mchezo hukubali baada ya kupulizwa kwa sababu tu kaseti imetolewa na kurudishwa, hivyo miguso ikakutana upya. Mate yanayobaki huongeza kutu. Katika maeneo yenye baridi na ukungu, kama nyanda za juu za Njombe na Wanging'ombe, unyevu wa hewa pekee unatosha kuharibu miguso, na kaseti hufaa kuhifadhiwa mahali pakavu zikiwa zimefunikwa.

Kwenye umeme, fundi hupima volti kwa multimita kabla ya kugusa chipu yoyote. Kapasita za kuhifadhi chaji hukauka kadiri miaka inavyopita, na lehemu hupasuka kwenye viungo vinavyopata moto au kuvutwa. Channel F ya kwanza ilikuwa na vishikio vilivyounganishwa moja kwa moja na mashine bila plagi, kwa hiyo waya uliokatika ndani ya kishikio ulilazimu mashine nzima kupelekwa kwa fundi. Toleo la pili lilirekebisha jambo hilo kwa kutumia vishikio vya kuchomoa, na sauti, ambayo mwanzoni ilitoka kwenye spika ndogo ya ndani, ikahamishiwa kwenye televisheni. Chipu za F8 zenyewe hazitengenezwi tena. Zikifa, njia iliyobaki ni kuzitoa katika mashine nyingine iliyoharibika.

Mashine iliyoletwa Tanzania kutoka Marekani huhitaji uangalifu wa ziada. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60, na wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Kuchomeka mashine hiyo ukutani bila transfoma ya kupunguza volti ni kuiunguza. Picha nayo hutoka kwa mfumo wa NTSC, ambao televisheni za zamani za mfumo wa PAL huweza kuuonyesha bila rangi au kushindwa kuuonyesha kabisa. Matoleo yaliyouzwa Ulaya, kama Saba Videoplay ya Ujerumani, yalitumia PAL.

Channel F ilipotoka, Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni. Vituo vilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa Tanzania walikutana na kaseti za michezo kupitia mashine za miaka ya 1990, karibu miaka 20 baada ya kazi ya Lawson. Hata hivyo tatizo linalomkabili anayesafisha miguso ya kaseti hizo ni lilelile alilopewa Lawson mwaka 1976: kitu chepesi chenye programu ndani, kinachoingia na kutoka mikononi mwa watoto, na ambacho kila kinapoingia kinatakiwa kugusana sawasawa.